Megabaiti Nne za Nyongeza

Esteri alikuwa mpiga chapa katika ofisi ndogo ya kanisa mjini Kasulu, ofisi iliyowafundisha kusoma akina mama wa Makere na Kitanga. Mwaka ule wa 1999 walikubaliana kuwatungia kitabu cha kusomea, na hadithi zitoke kwao wenyewe. Kwa miezi mitatu Esteri alizunguka na baiskeli, redio kaseti imefungwa nyuma, akirekodi. Kaseti zilikuwa mbili tu. Kila zilipojaa aliingiza sauti kwenye kompyuta ya ofisi, kisha akarekodi juu yake upya. Sauti za akina mama thelathini na mmoja zilikuwa ndani ya ile kompyuta, na hazikuwa mahali pengine popote. Alizokwisha kuziandika hazikufika nusu.

Ndipo printa mpya ikaletwa kutoka Kigoma, na programu za zamani hazikuitambua. Ilibidi ziwekwe mpya, kutoka kwenye sidii iliyokuja nayo. Esteri akawasha, akafuata maelekezo. Kabla ya kufanya lolote, kompyuta ikaandika mistari miwili ya Kiingereza na kumuuliza kama iendelee. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini namba alizielewa: megabaiti hamsini na nane. Akatazama nafasi iliyobaki kwenye diski. Ishirini na moja.

Akajibu hapana, akaenda kumwita mkuu wa ofisi, Mzee Makarius.

Makarius alivaa miwani, akalinganisha namba mbili zile. "Dada Esteri, hapa hakuna mjadala. Futa zile sauti."

"Mzee, nyingine sijaziandika."

"Utarekodi tena. Printa haiwezi kukaa kwenye boksi mpaka mvua ziishe."

"Bibi Tunu alinisimulia saa nzima akiwa na homa. Nimrudie nimwambie nini? Nipe mpaka kesho, nimwite Sylvestre."

Makarius alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka. "Mpaka kesho," akasema.

Sylvestre alikuwa fundi simu huko Uvira, Kongo, kabla vita haijamleta kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Esteri alimpata kwa redio koli, na kesho yake kabla ya saa sita akashuka kwenye lori la kambi, suruali nyekundu kwa vumbi. Jenereta likawashwa, na Makarius akaja na miwani yake. Esteri akarudia yale ya jana mpaka mistari miwili ikatokea tena.

Sylvestre aliisoma. Kisha akaanza kucheka.

"Shefu, hii hamsini na nane ndiyo ilikuogopesha?"

"Si ndiyo kubwa?" Makarius akajibu.

"Ni kubwa, ndiyo. Ni uzito wa mizigo yote yenye iko kwenye sidii. Lakini sidii iko hapa, mizigo itafunguliwa kutoka humo humo. Haiji kulala kwenye diski ikiwa imefungwa. Sasa soma mstari wa chini, mama Esteri. Namba gani?"

Esteri akasogeza uso. "Nne."

"Voilà. Inasema hivi: nikisha kufungua byote, nitatumia megabaiti nne za nyongeza kwenye diski."

"Mizigo yote hiyo, nne?" Makarius akauliza. "Inatudanganya."

Esteri ndiye aliyeelewa kwanza, akapiga kofi. "Mzee, za zamani zinatoka! Ukinunua godoro jipya na lile kuukuu ukalitoa nje, chumba kinapungua nafasi kiasi gani? Ni ule unene uliozidi tu."

"Ni vile vile," Sylvestre akasema. "Ila nisikufiche, shefu. Ni makadirio. Kila mzigo umeandikwa juu ukubwa wake na mwenye aliufunga, na kompyuta inajumlisha tu. Inaweza kukosea kidogo."

"Ikikosea?"

"Tuko na ishirini na moja. Ikosee mara mbili, bado tutakaa vizuri."

Makarius alisimama akikuna kidevu. Nje jenereta lilikohoa, likaendelea. "Bonyeza," akasema.

Ilichukua dakika arobaini, na hakuna aliyetoka chumbani. Mwisho Esteri akatazama nafasi: kumi na tano. Imekosea kwa mbili! Sylvestre akainua mikono kama mfungaji wa goli, na Makarius, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akicheza, akazunguka meza kwa hatua za Kiha, mabega yakitikisika, hata karani wa jirani akachungulia dirishani.

Esteri alihitaji wiki tano kumaliza kuandika. Walipofika Makere na maboksi mawili ya vitabu, akina mama walijaa kanisani. "Mwidiwe!" wakawasalimu kwa Kiha, na kelele zikaanza kabla boksi la kwanza halijafunguliwa. Irakoze, aliyekuwa wa mwisho darasani, alikipata kitabu mapema, akasimama, akaanza kusoma kwa kidole, neno baada ya neno, hadithi ya sungura aliyemuuzia fisi kivuli. Aliposema fisi alilipa mbuzi wawili, sauti ya mama mmoja ikatoka nyuma: "Watatu!"

Irakoze akaweka kidole mahali pake, akageuka. "Imeandikwa wawili. Njoo usome mwenyewe."

Na yule mama akaja, akainama juu ya ukurasa, akasoma.