Mtu wa Mwisho Kwenye Kamba

Mashine ya uchapaji ya ghorofa ya chini ilikuwa imelitapika faili la Mzee Uledi mara mbili, na saa ilikuwa tano kasorobo. Saa sita kamili mashine ingeanza kuchapa mabango ya watu wengine. Saa kumi, wazee wa timu ya kamba na familia zao walikuwa wanakutana Ilala kupokea kijitabu chao, na bila kijitabu Mzee Uledi hakuwa na sura ya kwenda huko.

Alikaa. Alisimama. Alichungulia dirishani, akaitazama mikokoteni iliyobanana Mtaa wa Msimbazi, akarudi kukaa, na kabla kiti hakijapata joto akasimama tena.

"Mzee wangu, unanizungusha kichwa," alisema Candida, mpanga kurasa wa duka lile la uchapaji, macho yakiwa kwenye kompyuta. "Kurasa ishirini, gigabaiti mbili! Umeweka nini humu, pantoni zima?"

"Tena na abiria wake."

Baada ya kustaafu ufundi wa kivuko pale Magogoni, alijifundisha kupanga kurasa mwenyewe, kwa kubonyeza kila kitu mpaka kimojawapo kitii. Kijitabu kilihusu siku timu yao ya kuvuta kamba ilipotwaa ushindi wa Mei Mosi, mwaka 1978. Picha ilikuwa moja tu. Aliiskani kwa kipimo kikubwa kuliko vyote, kwa hoja kwamba wanaume wazito hawakai kwenye picha nyepesi. Kisha mchwa wakaila ile ya karatasi.

Hadithi yenyewe alikuwa ameisimulia miaka arobaini na ushee. Walikuwa saba, wakawaburuta nane. Yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho, kamba imemzunguka kiunoni, visigino vimechimba shimo ambalo, kwa kiapo chake, manispaa ililifukia kwa malori mawili ya kifusi.

Kwenye benchi karibu na mlango alikaa Shamsa, binti wa marehemu Haruna, aliyekuja kuvichukua vijitabu avipeleke Ilala. Ukurasa wa baba yake ulikuwa na mistari mitatu: Haruna alikuwa mbeba maji wa timu.

"Nimeupata ugonjwa," alisema Candida. "Kila mvutaji umempa ukurasa wake, na kila ukurasa umebandika picha ileile nzima, ukaibana fremu ibaki sura moja."

"Wengine nimewakata."

"Hujakata mtu, mzee. Umewaziba tu. Wote wamo humu, mara saba. Tazama."

Aliushika ukingo wa fremu ya Uledi kwa kipanya, akauvuta kulia. Nyuma ya Uledi akachomoza mtu amelala nyuma karibu aguse ardhi, meno nje, kamba imemzunguka kiunoni.

"Mbona wanane?" Candida alishangaa. "Huyu wa nyuma, mwenye kamba kiunoni, ni nani?"

Mzee Uledi alikaa. Safari hii alikaa kweli.

"Skani nyingine unayo?" aliuliza Candida.

"Sina. Imo humu tu."

"Basi njia ni mbili. Nibonyeze hapa, vyote vilivyojificha vifutike, zibaki sura zako saba. Au niziondoe zote, niweke picha moja tu, nzima, kurasa za katikati. Huku au huku faili litashuka. Sema, mzee, tano na nusu hiyo."

Kidole kimoja tu, na hadithi ingesimama miaka mingine arobaini. Uledi alifungua mdomo.

"Ami," Shamsa aliita kutoka benchini, "hivi ndoo ya maji inabebwa kiunoni?"

"Kwa nini, mwanangu?"

"Baba alikuwa na kovu, limemzunguka kama mkanda. Alipougua nilikuwa namkanda mgongo, naliona. Kila nikimuuliza anacheka tu. Muulize Uledi, anasema, yeye ndiye mwenye maneno."

Uongo alikuwa nao tayari, tena mzuri: ndoo za enzi zile, vyuma vyake, mikanda yake. Ulimfika ulimini, ukagoma kutoka.

"Njoo uone," alisema.

Shamsa alikuja, akainama mbele ya kioo cha kompyuta, akaifuata kamba kwa kidole mpaka kwa mtu wa nyuma.

"Kumbe alikuwa na nywele," alisema.

"Hakubeba maji. Alinibeba mimi. Mimi niliteleza, Shamsa. Yeye hakuteleza."

"Ukamwacha afe na ndoo, Ami."

"Nilimwacha." Akamgeukia Candida. "Iweke nzima. Mbeba maji mfute. Andika: Haruna, mtu wa mwisho."

Candida aliziondoa zile saba, akaiweka moja. Faili likanywea hadi megabaiti hamsini, na baada ya muda mashine ya chini ikaomba zaidi badala ya kutapika.

"Ngoja, kabla sijatuma jalada la mbele," alisema. "Hapa pameandikwa saba waliwashinda nane."

"Weka nane."

"Nane waliwashinda nane?"

Mzee Uledi aliikagua picha kushoto, pale kamba ilipotoka nje ya ukingo bila kuonyesha nani ameishika upande wa pili. Macho yake yakaanza kucheka.

"Hao hawamo pichani," alisema. "Waandike kumi na mmoja."

"Ami!"

"Kumi, basi."