Kiwanda Kilichoegeshwa Newburg

Kiwanda cha chai kilifika Newburg, mjini Louisville, Marekani, Jumamosi moja ya mwaka 2015, Gracieuse akianika mashuka kwenye ukingo wa baraza. Kilitua kwenye maegesho ya nyumba za kupanga, kikaziba nafasi mbili za walemavu. Meneja wa nyumba alibandika ukutani onyo kwamba kitakokotwa, akaenda kula.

Gracieuse alikitambua. Kule Kivu ya Kusini, Kongo, alichambua chai humo tangu usichana wake: kwanza chini ya Mbelgiji, kisha chini ya Protasi, mtu wa chama, serikali ilipowanyang'anya Wazungu viwanda, mwisho chini ya Murhula, aliyewekwa na wanajeshi walioshinda vita. Sasa hapakuwa na Mbelgiji, chama wala jeshi. Gracieuse aliona kwamba kiwanda kimewafuata wafanyakazi, na hakukosea: wengi wao waliishi mtaa huo. Akawaita. Majani mabichi yalikuwa tayari ndani, yana umande wa nyumbani. Wakawasha tanuri.

Jumapili baada ya ibada, Protasi aliwasili kutoka Columbus na suti yake ya enzi za chama. Murhula alikuja kwa basi kutoka Buffalo, beji ya ghala alikofanya kazi ikiwa bado shingoni. Wakajifungia ofisini.

"Papa Protasi, wewe ulipewa na chama. Chama kilikufa!"

"Na wewe ulipewa na bunduki. Donc, bunduki yako iko wapi? Umeiacha Buffalo?"

Wanawake wakacheka mlangoni. Gracieuse akaingia bila kubisha hodi.

"Kiwanda ni chetu. Ni sisi kimefuata."

"Nani anakatala, mama?" Protasi alijibu kwa upole. "Ni ya batu bote. Lakini biro iko moja," akaongeza, akiizungushia ofisi mkono.

"Mama ana haki kabisa," alisema Murhula, akimsogezea Protasi kiti.

Hapo wakapatana: Protasi mkurugenzi, Murhula naibu.

Majani yasingengoja. Jumatatu honi ilipolia, Gracieuse na wenzake waliingia kwa mlango wa wafanyakazi. Mbelgiji aliujenga mfupi ili kila atokaye ainame, iwe rahisi kumpekua. Chama hakikuugusa, wala jeshi, na safari ya kuvuka bahari haikuuongezea kimo.

Chai ilitoka nzuri. Jioni walitoka mmoja mmoja wakiinama. Murhula alikuwa amesimama nje na tochi, akipekua mifuko. Alianza na Gracieuse.