Chokaa ya Wahenga wa Mfanano

Katika nchi ya Mfanano mtu hakuwa mwenyeji kwa kuzaliwa, bali kwa kufananishwa. Kila kijana alipotimiza miaka kumi na minane alipelekwa katika Jumba la Wahenga, mahali zilipopangwa sanamu arobaini za watu waliotukuka katika historia ya nchi, akasimamishwa mbele yao na kioo mkononi, naye Kadhi wa Sura akatamka ni mhenga gani aliyefanana naye. Aliyefanana na mmoja aliandikwa Mwenyeji, akapewa shamba, ushahidi wake ukasikizwa, na siku ya kufa akazikwa kwa heshima. Asiyefanana na yeyote aliandikwa Mgeni, hata kama kitovu cha babu wa babu yake kilizikwa papo hapo. Sanamu zote zilikuwa nyeupe pe, zenye pua nyembamba na midomo ya kubana. Basi koo saba za Kilimani, zenye ngozi nyeupe, zilifanana nazo kizazi hata kizazi, na watu weusi wa bonde la Kando, waliokuwa wengi kama siafu, hawakufanana hata na moja. Sheria yenyewe haikutaja rangi ya mtu, na watawala walijisifu sana kwa uadilifu huo.

Huko Kando aliishi mjane aliyeitwa Tashwishi, mama wa binti mmoja, Nasaba. Kwa miaka ishirini kazi yake ilikuwa kuzipaka sanamu chokaa kabla ya masika, kama mama yake alivyozipaka kabla yake, maana wenyeji walichelea kuchafua mikono. Mwanamke huyu alikuwa na maradhi ya shaka. Alishuku mizani ya muuza chumvi, alishuku kicheko cha jirani, alishuku hata dua ikiwa ndefu mno.

"Wewe Tashwishi," jirani zake walimtania, "hata kivuli chako utakitaka kiape!"

"Kila jioni kinarefuka," alijibu, "na sijui nani amekituma."

Lakini shaka moja ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Watoto wote wa Mfanano waliimba sifa za wahenga: Bibi Ukombozi, aliyewavusha mateka mia tatu msituni asipoteze hata mmoja, Mwalimu Hijai, aliyejifunza kusoma kwa kuchungulia juu ya bega la bwana wake, na Bibi Sibanduki, aliyekaa kitini akakataa kuondoka hata askari wakachoka kumwondoa. Tashwishi aliziimba nyimbo hizo huku akikoroga chokaa, na kila mwaka zilimtia shaka zaidi. Kama wahenga walikuwa mabwana wa Kilimani, bwana wa Mwalimu Hijai alikuwa nani? Na mateka wale walitekwa na nani? Aliwauliza wakubwa wa jumba, wakamwambia apake.

Mwaka ule Nasaba alipotimiza miaka kumi na minane, dari la jumba lilivuja. Maji yalitiririka juu ya Bibi Ukombozi, na gamba la chokaa likabanduka sikioni pake. Chini yake Tashwishi aliona mti mweusi, mpingo halisi, na sikio lililotogwa matundu matatu, kama wanawake wa Kando watogavyo. Akakwangua kwa ukucha, kidogo tu, ayakinishe. Mlinzi alimkuta kidole kingali sikioni mwa mhenga.

Alishtakiwa kwa kuwavunjia heshima wahenga, na adhabu ya kosa hilo ilikuwa kufukuzwa nchini, yeye na uzao wake. Hukumu ikawekwa katika jumba lenyewe, siku ileile ya zamu ya Nasaba kufananishwa. Binti alisimama pembeni na kioo chake, ameinama.

Mshtaki alikuwa Waziri Dhana, mtu ambaye hakupata kumwamini yeyote ila yeye mwenyewe, na mwenyewe kwa nadra. Kadhi wa Sura, Bwana Taklidi, alikaa juu ya zulia.

"Mshtakiwa," alisema Kadhi, "una neno?"

"Ninalo, Bwana Kadhi. Mimi sijawavunjia heshima. Naomba maji ya ndimu na dodoki, Bibi Ukombozi aoshwe uso mbele ya watu. Akiwa mweupe ndani kama alivyo nje, nifukuzeni hata leo. Lakini mwanangu msimguse."

Kadhi aliruhusu, kwa kuwa hakuona hatari katika usafi. Tashwishi akasugua. Chokaa ilitoka magamba kwa magamba, na lipu ya pua ikaanguka kipande kizima, hata ukadhihiri uso mweusi, mpana, wenye midomo iliyojaa na chale mashavuni. Watu wakaguna kwa mshangao.

"Masizi!" alifoka Waziri Dhana. "Mwanamke huyu amempaka masizi chini ya chokaa! Aoshwe mwingine nitakayemchagua mimi!"

Akaoshwa Mwalimu Hijai, naye alikuwa mweusi. Waziri akashuku mikono ya Tashwishi, akaamuru walinzi wake waoshe wa tatu, naye akawa mweusi. Akashuku ndimu, zikachumwa nyingine katika bustani yake mwenyewe. Akashuku walinzi kuwa wamehongwa. Akavua joho, akakunja mikono ya kanzu, akashika dodoki mwenyewe. Shaka ya Tashwishi ilikuwa imeosha sikio moja, lakini shaka ya Waziri iliosha jumba zima. Alisugua akitukana, jasho likimdondoka, kila sanamu akiapa kwamba hii ndiyo nyeupe, hata akaifikia ya arobaini, ambayo haikuwa nyeupe pia. Hapo ndipo alipokaa chini kwenye tope la chokaa kama mtu aliyefiwa.

Watu wa Kando waliokuwa mlangoni waliingia bila kuitwa. Wengine walilia, wengine walicheka kwa hasira, na bibi mmoja aliita, "Huyu ana paji la uso la marehemu kaka yangu!" Kisha sauti zikapaa: "Watu wa Kilimani waandikwe Wageni! Wafananishwe wao leo!"

Bwana Taklidi aligeuka kijivu kwa hofu. "Tashwishi," alisema kwa sauti ndogo, "sheria ni hiyohiyo. Wataka tuitumie?"

Tashwishi alizitazama nyuso za watu wake zilizowaka furaha, na furaha ile nayo akaishuku. "Sheria iliyomwonea mwanangu asubuhi," alisema, "haitapata akili adhuhuri kwa kumwonea mwana wa mwingine. Aliyezaliwa hapa, mwandikeni amezaliwa hapa. Hivyo vioo, watu wachanie nywele."

Wengi walinung'unika, maana kisasi ni kitamu. Lakini Kadhi alilikubali neno lile upesi kuliko yote aliyopata kukubali.

Karani akachovya kalamu. "Jina?"

"Nasaba binti Tashwishi, mzaliwa wa Kando." Binti alilitamka akiwa ameinua uso, kisha akaenda mbele ya Bibi Ukombozi, akamtazama sana, akatabasamu.

"Na wewe, mama?" karani aliuliza. "Njoo uandikwe."

Tashwishi hakusogea. Machozi yalimtoka, naye hakuyaficha. "Miaka ishirini," alisema, "mimi ndimi niliyewafunika. Mkono huu ndio uliomfanya mwanangu mgeni, na kabla yake ulikuwa wa mama yangu. Ningoje kidogo, baba."

Akaliokota dodoki katika tope, akapanda juu ya kigoda mbele ya sanamu ya arobaini, ambayo Waziri aliisugua kwa pupa, na kwa ncha ya kanga yake akaanza kuitoa chokaa iliyosalia machoni.