Mabua ya Hachoki

Siku aliyotoka hospitali, Fundi alipelekwa karakana kabla ya kupelekwa nyumbani. Kaka yake alimshusha garini, akamweka sawa kwenye magongo, akamwonyesha kombaini iliyosimama mlangoni. Nyekundu, inameta, na ubavuni imeandikwa kwa rangi nyeupe: Hachoki. Hilo lilikuwa jina la utani la marehemu baba yao, na ndilo waliloirithisha mashine yake ya kuvunia.

"Tumeipiga rangi ukiwa umelazwa," Kaka alisema. "Si imependeza?"

Fundi alifurahi. Mashine ile aliitunza tangu hajaota ndevu, na alizoea kuwasimulia wateja ukoo wake, utadhani wanapanga mahari. Babu wa hiyo mashine alikokotwa na farasi. Baba yake ndiye wa kwanza kubeba injini tumboni. Kisha kiwanda chekundu kilichoizaa kikaishiwa pumzi, kikamezwa na kiwanda cha njano, hasimu wake wa miaka yote. "Jina wameliacha," Fundi alikuwa akisema, "kwa kuwa wanajua sie wajinga tunapenda rangi." Watu walicheka, na Kaka alikuwa akicheka kuliko wote.

Kaka akapanda, akawasha, akaiingiza kwenye ngano nyuma ya karakana. Fundi alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akatega sikio. Mkia wa Hachoki siku zote ulikuwa ukicheza, kwa sababu ndani yake mna mabao marefu yanayorusha mabua juu na chini kama mtu anayepepeta kwa ungo. Mkia huu ulitulia tuli. Mashine ilinguruma kwa sauti moja tu, na nyuma yake yakamwagika mabua yaliyotafunwa vipande vipande.

Hakuhitaji kuifungua. Humo ndani hamkuwa na mabao, mlikuwa na pipa moja refu lililolala toka mbele hadi nyuma, linalozunguka na kusaga kila linachomeza. Ni kazi nzuri kwa anayetaka nafaka tu. Lakini wao waliishi kwa mabua. Wenye mashamba waliwapa kazi kwa sababu wafugaji walinunua mabua yao marefu, na kila mwanzo wa mavuno wafugaji walikuja, Fundi akainua konzi ya kwanza mbele yao, akasema, "Ni haya." Neno hilo ndilo lililokuwa mkataba. Mchana huo walikuwa wanakuja.

Kaka aliposhuka, Fundi alimuuliza, "Yetu iko wapi?"

"Ndiyo hii."

"Kaka, mimi nimevunjika mguu, sijavunjika macho."

Kaka alijifuta jasho ambalo hakuwa nalo. "Ukoo ni uleule. Si wewe mwenyewe uliyetuambia walinunuliwa wakabaki na jina? Ile kuukuu nimeitoa, wakanipunguzia bei ya hii."

"Na hii nitaitengeneza mimi?"

"Wana fundi wao. Ukiigusa wewe, dhamana imekufa."

"Kwa hiyo mimi umenileta hapa nifanye nini?"

"Uinue mabua, basi. Wanakuamini wewe. Ukiona wanasitasita, sema ngano mwaka huu imekauka mno."

Sasa Fundi alielewa. Kumbe kilichotakiwa kwake ni mdomo, mikono ilishapata mbadala. Akatazama tena lile neno ubavuni. Herufi zilikuwa zenyewe, na ile H yenye mguu mmoja uliopinda. Baba alizikata kwa mkono wake kwenye kibati cha kupigia rangi, na kibati kile kilikaa ndani ya sanduku la mama, na ufunguo wa sanduku ulikaa shingoni mwa mama.

Nyumba ilikuwa hatua chache tu, lakini magongo yaliirefusha. Alimkuta mama anakunja shuka za kitanda alichomwandalia.

"Mama, kibati ulikitoa wewe?"

Mama alimaliza kukunja pembe aliyokuwa ameishika. "Ulikuwa huko, daktari anasema mguu huenda ukakatwa. Kaka yako akasema fundi wa mguu mmoja ataingiaje chini ya mashine. Nikaona asemalo ni kweli."

"Na kuandika jina?"

"Nilitaka ukirudi ufurahi, mwanangu. Nilidhani hutatambua."

Angesema amelazimishwa, Fundi angemsamehe palepale. Alisimama akimtazama mikono, kisha akageuka, kwa sababu machozi yalikuwa karibu na hakutaka yamtoke mbele ya mtu aliyemfikiria hivyo.

Wafugaji walifika na mkokoteni wao wa punda. Kaka aliwachangamkia, akawapa mikono, akamsogeza mdogo wake mbele. Mkubwa wao, mtu wa maneno machache, aliitazama mashine, akauliza, "Huyu ndiye Hachoki?"

Fundi aliinama kwa taabu, akainua konzi. Mabua yakampenya vidoleni, yakabaki makapi. Kaka alikohoa kidogo, kumkumbusha.

"Hachoki kauzwa," Fundi alisema. "Na mimi nimeuzwa pamoja naye."

Hakuna aliyecheka. Yule mkubwa akatikisa kichwa. "Ndiyo maana tumeiona ng'ambo ya mfereji, inavuna chini ya mtu mwingine. Tukasema labda mmeiazimisha. Mabua yake marefu, ila inapiga kelele upande wa kulia."

"Ni beringi, gololi zake zimekwisha. Nilikuwa naibadilisha siku nilipoanguka." Akampa yule mkubwa magongo amshikie. "Nipakieni, nikaimalizie."

"Wewe, usinitie aibu mbele ya watu," Kaka alisema kwa sauti ya chini. Fundi akawanyooshea wafugaji mikono. Walimwinua, wakamkalisha juu ya magunia matupu, mguu umenyooka. Mkokoteni ulipoanza kwenda, mama alitoka mbio hadi uani, shuka bado iko mkononi.

"Mwanangu, mguu wako!"

"Mguu unapona, mama," alisema bila kugeuka. "Mguu ndio unaopona."