Ameapa Mbele Yangu

Siku nne kabla ya kura, korido nzima ya mahakama ilikuwa inamwita Mwenyekiti. Askari wa mlangoni alimpigia saluti ya utani, na mkewe nyumbani alishapeleka kitambaa cha sherehe kwa fundi. Lakini jina lake la siku zote lilikuwa Muhuri. Miaka thelathini na moja ya uwakili, hati ya mtu hailali mezani kwake: unaingia, unagongewa, mnacheka, unatoka. Chama cha Mawakili kingemnyima nani kura ya uenyekiti, yeye?

Asubuhi hiyo mwanamke mwenye bahasha ya kaki aliketi mbele yake, akatoa hati ya kiapo, akaigeuza imwelekee.

"Shikamoo, mzee. Huu muhuri ni wako?"

"Marahaba, binti yangu. Huo hata gizani unajulikana!"

"Hapa pameandikwa baba yangu alikuja kuapa mbele yako, kwamba nyumba amempa baba mdogo. Jumanne, tarehe kumi na mbili."

"Kama pameandikwa, basi alikuja."

Mwanamke akaitikia kwa kichwa, polepole. "Alikuwa amevaa nini?"

"Eti?"

"Maana Jumapili nilimvalisha mimi, mochwari. Jumatatu tukazika. Sasa najiuliza, Jumanne alikujaje?"

Muhuri akaisoma tena ile tarehe. Afadhali yule mwanamke angepiga kelele. Wapiga kelele alishawazoea. Akajaribu kuikumbuka siku yenyewe, asiikumbuke hata chembe. Bila shaka rundo la hati zilizokwisha kusainiwa lililetwa na karani wa wakili mwenzake, naye yuko kwenye simu, anagonga, anasaini, anagonga. Mawakili kibao wanafanya hivyo. Ila si wote waliomwapisha maiti.

"Kesi ni kesho saa tatu," mwanamke alisema. "Hakimu anasema muhuri wa wakili haupingwi kwa maneno matupu. Baba mdogo akishinda, mimi na wanangu tunatolewa. Naomba uandike tu, mzee. Baba alikuja, au hakuja."

Muhuri akamwomba asubiri kwenye benchi la korido. Mlango ulipofungwa tu, akampigia rafiki yake, mpiga debe wake mkuu.

"Sema hukumbuki!" rafiki alimaka. "Sema muhuri uliibwa. Ukikiri, uenyekiti sahau, na leseni watakuvua ukiwa umesimama. Umri huo, ndugu yangu, utauza nini? Soksi?"

Muhuri akakata simu. Akauambia ukuta, "Sikumbuki." Neno likatoka vizuri, laini, lenye heshima zake zote. Hata yeye nusura aamini, na hapo ndipo alipoogopa kweli. Kupitia kioo cha mlango alimwona mwanamke amekumbatia bahasha, anamtazama.

Akachapa mwenyewe, kwa vidole viwili, maana hakuthubutu kumwambia hata katibu wake. *Mtajwa hakuwahi kufika mbele yangu. Niligonga muhuri bila kumwona.* Lakini kiapo lazima kigongwe na wakili, na wakili hawezi kujiapisha. Na kwenye ghorofa ile, saa ile, aliyekuwepo ni mmoja tu: Mama Kifungu, mpinzani wake kwenye uenyekiti.

Alimkuta kwenye simu akiomba kura. Hakuinua macho, mkono ulishafika kwenye muhuri.

"Weka hapo, kaka yangu, nikugongee. Au unajitoa?" Akacheka mwenyewe.

Muhuri akaivuta karatasi nyuma.

"Hapana, dada. Nitazame kwanza. Halafu usome."

Akamtazama. Akasoma. Akamwambia wa kwenye simu atampigia baadaye, akaenda kufunga mlango. Alipogeuka, kicheko kilishamkauka usoni, na macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye rundo la hati pembeni mwa meza yake, zote zimegongwa asubuhi ile ile.

"Nikigonga hapa hakuna kurudi," alisema kwa sauti ya chini.

"Najua."

"Haya. Inua mkono."

Akauinua. Watu wangapi aliwaapisha, na hakuwahi kujua kwamba mkono una uzito namna ile. Akafungua kinywa. Nje, benchi likalia: mwanamke alikuwa amesimama.

"Mimi," Muhuri alisema, akaendelea na kiapo hadi mwisho.