Milango Miwili ya Ofisi ya Jeshi

Kufikia saa tano Mahrokh alikuwa ameshafukuzwa mara tatu. Ofisi ya kuandikisha jeshi pale Kermanshah ina milango miwili: wa wanaume, wenye foleni hadi barabarani, na wa wanawake, uliotundikwa blanketi kuukuu. Nyuma ya blanketi huketi mama mpekuzi.

"Mwenye wito huu ni Kiumars, mwanamume," mama yule alisema, akimrudishia barua kwa ncha za vidole. "Mimi sipekui akina Kiumars. Pita kule."

Kule askari alimzuia. "Dada, huku wanaume tu."

"Niliyeitwa ni mimi, afande. Kiumars ni jina alilonipa baba. Naonana na tume ya madaktari. Wakifunga saa sita hawajaniona, naandikwa mtoro."

Foleni nzima iliangua kicheko. "Oya, bibi harusi anakwenda vitani!"

"Mpitishe, afande, atatupikia!"

Alichokitaka kilikuwa kimoja tu, cheti cha kusamehewa jeshi. Cheti chenyewe ni balaa: kina namba ya kifungu inayomtangaza mtu kuwa mgonjwa, na kila mwajiri mjini anaijua namba hiyo. Lakini bila hicho ni miaka miwili bwenini, kichwa kimenyolewa, kitanda kwa kitanda na hawa hawa wanaocheka. Mahrokh aliwaogopa, tena sana.

"Basi vua ushungi," askari alisema. "Ukiwa kichwa wazi, kwangu wewe ni mwanamume. Utapita."

Ilibaki robo saa. Tangu alipohama kwa baba yake, miaka minne sasa, hakuwahi kuuvua mbele ya wanaume. Aliuvua. Nywele zikamwangukia mabegani, uso ukamwaka kwa aibu, akapita katikati ya miluzi.

Ndani, madaktari watatu walikuwa wakinywa chai. Mkubwa wao, kipande cha sukari kikiwa bado kati ya meno, alilisukuma kando jalada la hospitali aliloleta Mahrokh, kurasa arobaini, bila kulifungua.

"Unadai wewe ni mwanamke?"

"Ndiyo, daktari."

"Mwanamke gani huyo anayesimama kichwa wazi mbele ya wanaume watatu?"

"Mlangoni wamenilazimisha, daktari. Wamesema nisipovua…"

"Binti yangu angekubali kufa kwanza." Aligonga muhuri: *Anafaa kwa utumishi*. "Kambini tarehe mosi ya mwezi wa Mehr. Tia sahihi hapa."

Alijifunga ushungi kwanza, taratibu, wao wakisubiri. Kisha akaandika kwa herufi kubwa: MAHROKH.

Daktari alichungulia karatasi. "Wewe! Tumemwita Kiumars!"

"Basi mtafuteni," Mahrokh alisema. "Mkimpata, mpelekeni."

Akatoka kwa mlango wa wanawake.