Saluni Iliyofungwa Mdomo

Saluni ya Shangazi haikuwa na redio. Ya nini, mahali ambapo habari hufika kabla hazijatokea? Lakini asubuhi ile Chapuchapu aliporudi kazini baada ya kuugua, alikuta kimya cha chumba cha mtihani. Wateja wamejipanga kwenye benchi, midomo imebanwa. Shangazi, mwanamke anayesimulia hata usingizini, alimwonyesha kiti kwa kidole tu.

Chapuchapu, aliyepewa jina hilo kwa mbio za vidole vyake, akachukua chanuo. Kwenye kiti alikaa bi harusi wa kesho. Moyoni Chapuchapu alishajiwekea sharti: nikimaliza kichwa hiki, kazi bado yangu. Nikishindwa, narudi kulala.

Sauti zilimwanza miezi michache nyuma, sauti za watu wasiokuwepo, zikimsimanga. Wapo waliosema subirini, ni ujana, utapita. Shangazi akawajibu, "Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi sina matofali," akamkokota kliniki ya vijana wiki ileile. Akapewa dawa, na muuguzi wa kuzungumza naye, mama mcheshi aliyekuja mpaka nyumbani, akakaa nao jikoni, akawaelimisha wote wawili. Sauti zikanywea, zikabaki minong'ono.

Akasuka mstari wa kwanza. Kimya. Wa pili. Kimya kikawa kinene kama uji, na mnong'ono ukapata pa kukaa: *Hawakutaki. Huoni? Hakuna hata anayekusemesha.* Vidole vikaganda. Macho yakaenda mlangoni.

Muuguzi alikuwa amemwambia: zikija, usibaki nazo peke yako, uliza.

"Shangazi," akasema, "kuna msiba?"

"Msiba wapi, mwanangu!" Shangazi akanong'ona. "Nimewapiga marufuku. Atakayefungua mdomo hasukwi. Kichwa chako kina kelele zake, tukuongezee na zetu?"

Chapuchapu akamkodolea macho, kisha kicheko kikamtoka hadi chanuo likaanguka. "Kumbe mlikuwa mnanihurumia! Shangazi, mkinyamaza ndipo zinapopata nafasi. Mkipiga domo nazisahau!"

"Si muuguzi alisema tukupe utulivu?"

"Utulivu, Shangazi. Siyo kaburi!"

"Afadhali!" Bi harusi akalipuka kama chupa ya soda iliyotikiswa. "Nina jambo la mama mkwe, limenikaba hapa tangu nikae!"

"Hata mimi nina la jirani!" akadakia mmoja wa benchini.

"Ngojeni!" Shangazi akapiga meza. "Mimi kwanza. Duka langu, na nimeteseka kuliko nyote!"

Hapo saluni ikapasuka. Huyu anasema, yule anakanusha, wa tatu anaapa alikuwepo. Mnong'ono ukajaribu neno moja; nani angeusikia? Vidole vya Chapuchapu vikaingia mbio, mstari juu ya mstari.

"Shoga, tulia," akamwonya bi harusi. "Ukicheka hivyo nitakusuka mpaka nyusi."

Alipofunga msuko wa mwisho, bi harusi akajitazama kwenye kioo, akageuza shingo kulia, akageuza kushoto. "Huyu mama mkwe," akasema, "kesho atanikoma!"

Chapuchapu akakung'uta taulo, akaligeukia benchi, kidevu juu.

"Haya, anayefuata nani? Na aje na habari mbichi, hizi tumezimaliza."